Walioongeza Wimbo wa Taifa

Mbele ya bucha ya Jumaa, hapo Majengo mjini Meru, kuna benchi lenye miguu mitatu na jiwe moja. Kila asubuhi, nyama ikishatundikwa na nzi wakishafukuzwa raundi ya kwanza, wanaume hukaa hapo kuendesha nchi. Kuna Sajenti, ambaye kwenye kitambulisho ni Muthamia, na ambaye hajawahi kuwa sajenti wa kitu chochote. Alilinda geti la bohari la nafaka miaka thelathini na nne, akastaafu na kofia. Kuna Wakili, yaani Vincent, mwandishi wa barua na mjazaji wa fomu za watu, mwenye kalamu mbili mfukoni, ya bluu na ya nyekundu. Korti anaijua vizuri kwa kukaa nje yake. Kuna Antena, ndiye Shukri fundi wa simu, ambaye habari humfikia kwanza, hata zile ambazo hazijatokea. Na kuna Nurudin, mwenye birika la kahawa ya tangawizi, aliyeweka sheria ya kijiwe: asiye na kikombe mkononi haruhusiwi kusema. Nurudin hudai aliiweka ili kupunguza kelele. Kelele ziko palepale, ila kahawa yake siku hizi inaisha kabla ya adhuhuri.

Jumaa mwenyewe, mwenye bucha na mwenyekiti wa benchi, alikuwa hajashika kikombe kwa siku nne.

— Tumbo, alisema kila Nurudin alipomnyooshea. Wacha litulie kwanza.

Tumbo lake lilikuwa zima kabisa. Alikuwa anaogopa mdomo wake. Alisimama nyuma ya gogo lake la kukatia nyama, dirisha wazi, akisikia kila neno la benchini, na mkono wake ukikatakata zaidi ya alivyoombwa. Asubuhi hiyo mama mmoja alikuwa ameagiza mbavu kilo moja akaondoka na vipande vya kutia kwenye sambusa.

Antena aliinua simu yake juu ili wote waone.

— Angalia tena hapa. Hapa ndio wanatoka kwa jeneza. Nauliza, mtu ako na akili zake zote anaeza toka kwa jeneza akiimba?

— Mimi nikitoka kwa jeneza nitaimba, akasema Nurudin. Nitaimba sana.

Vidio ilikuwa ya Jumamosi iliyopita, imerekodiwa Manyatta, kule upande wa Embu. Bendi inaitwa Pembe na Moshi. Ni vijana sita wa muziki wa roki, magitaa ya kupiga kelele na ngoma za kupasua kifua, na hawapandi jukwaani kama watu wengine wanavyopanda. Wanne huja wamebeba jeneza, wamejipaka majivu usoni. Moshi unafuka. Jeneza linafunguka, anatoka mwimbaji mwenye kinyago cha ngozi na pembe za fahali kichwani, amejifunga shuka la rangi za bendera, na kitu cha kwanza anachoimba, mvua ikimnyeshea, ni wimbo wa taifa.

Hapo ndipo benchi lilipogawanyika.

— Jeneza si shida, akasema Sajenti. Kila mtu ataingia. Shida ni wimbo! Wimbo wa taifa uko na mwisho. Mimi nimesimamia huo wimbo miaka thelathini na nne kwa geti. Redio ikianza, nasimama. Ukifika mwisho, nakaa. Sasa hawa wamefika mwisho vizuri, watu wameanza kukaa, na wao wanaendelea! Wameongeza maneno!

Kweli kabisa, kwenye vidio watu wa Manyatta walionekana wakikaa, kisha wakishtuka, kisha wakiinuka tena mmoja mmoja. Mzee mmoja wa mbele alibaki katikati, hajakaa na hajasimama, mpaka mwisho.

— Wameongeza sana, Antena akakubali. Mimi nimehesabu. Imeongezwa mara mbili.

— Na hiyo kisheria ni kitu kubwa, akasema Wakili, akishika kikombe chake kwa mikono miwili. Nchi inajulikana na vitu tatu: mpaka, bendera, na wimbo. Ukisongesha mpaka, umeongeza nchi. Ukiongeza wimbo, ni hivyo hivyo, umeongeza nchi. Swali ni moja tu. Imeongezeka upande gani?

— Upande wa Embu! Antena akaruka. Si nilisema? Waliimbia wapi? Manyatta. Zile pembe zilikuwa zinaangalia wapi? Mlima! Hawa watu wanataka mlima wote uwe wao.

— Mlima ni wetu, akasema Sajenti.

— Mlima ni wa mawe na barafu, akasema Nurudin, na barafu yenyewe inaisha.

— Wewe mimina kahawa, akasema Sajenti, hii ni mambo ya usalama.

Nurudin akamimina. Ndani, Jumaa alikuwa ameshika shoka bila kukata chochote, macho yake yakiwa kwenye simu ya Antena kupitia dirishani.

Pembe ya kushoto ya yule mwimbaji ilikuwa na ufa karibu na ncha. Jumaa aliujua ufa ule. Aliupasua mwenyewe, siku ile ya fahali mweusi kutoka Isiolo, shoka lilipoteleza likagonga pembe badala ya fuvu. Binti yake Shamima alikuja jioni hiyo akaziomba zile pembe. Alisema kuna kikundi cha akina mama kinachotengeneza vifungo vya makoti kwa pembe. Jumaa alifurahi, binti amepata shughuli. Shamima akazichemsha nyumbani ili kiini cha mfupa kitoke, akazichemshia kwenye sufuria kubwa ya pilau, na tangu siku hiyo kila harusi iliyoazima sufuria ile ililalamika. Mkewe Jamilah alimlaumu Jumaa, akidhani ni yeye aliyechemshia kwato. Jumaa alikana mpaka akachoka.

Kwa hiyo Antena alipoonyesha vidio mara ya kwanza, siku nne zilizopita, wenzake wote wa benchi waliona shetani mwenye pembe, naye akaona vifungo vya makoti. Akaona pia namna mwimbaji alivyoinamisha shingo kidogo upande wa kulia kabla ya kupandisha sauti. Mtoto wake alikuwa akiinamisha shingo vile tangu madrasa.

Hakumwambia mtu. Hata Shamima hakumwambia kwamba anajua. Alikuwa na hasira kwa kudanganywa, tena hasira ya kweli, maana yeye alikuwa amewasifia watu wa msikitini huo ujasiriamali wa vifungo. Alikuwa na aibu pia. Na chini ya hasira na aibu kulikuwa na kitu kingine kilichomsumbua zaidi, kwamba sauti ile ilikuwa nzuri, na alikuwa na hamu ya kumwambia mtu kwamba ni ya kwake.

— Mnajua ndani ya jeneza kulikuwa na nini? Antena akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa na serikali.

— Si huyo mwimbaji? akasema Nurudin.

— Chini ya mwimbaji! Kulikuwa na miraa. Kilo hamsini. Watu wa muguka, hiyo miraa ya Embu, wamekuja kuzika miraa yetu hadharani, na wimbo juu.

— Heee! akasema Sajenti. Miraa izikwe bila sisi kuambiwa?

— Na ule moshi? Antena akaongeza. Hiyo si moshi ya kawaida. Hiyo ni ya kusahaulisha. Ukivuta, unasahau ulimpigia nani kura.

— Hiyo hata bila moshi tunasahau, akasema Nurudin.

— Kahawa yako inakupatia mdomo sana leo, akasema Antena.

— Ni yangu, nakunywa bure. Lakini wacha niwaambie kitu moja, kwa sababu nimeshika kikombe. Mimi naona hawa watoto ndio wanapenda hii nchi. Rudisha nyuma hiyo vidio. Zaidi. Hapo! Upepo umekuja, bendera ya jukwaani imeanguka kwa matope. Mnaona mwenye pembe? Amewacha kuimba, amepiga magoti, ameiokota, ameipangusa na nguo yake mwenyewe. Halafu ndio ameendelea. Ni nani hapa amewahi kupigia bendera magoti?

Jumaa alikuwa ameitazama sehemu hiyo peke yake mara nyingi, simu ya mkewe imefichwa chini ya gazeti.

— Aliipangusa na nguo chafu, akasema Sajenti.

— Na hiyo yako ya baiskeli, akauliza Nurudin, nyekundu yake ilienda wapi?

Wote wakageuka kuitazama bendera ndogo iliyofungwa kwenye usukani wa baiskeli ya Sajenti. Nyekundu ilikuwa imekuwa waridi, na kijani kimeanza kufanana na maji ya mboga.

— Hiyo ni jua, akasema Sajenti. Jua si mimi. Mimi siwezi shika jua. Na tusipotezwe lengo! Wakili, soma barua.

Hili la barua ndilo lililomfanya Jumaa asilale vizuri. Bendi ya Pembe na Moshi ilikuwa imewekwa kwenye programu ya Sikukuu ya Mashujaa mtaani, na benchi liliamua kuizuia. Chifu alikuwa amesema orodha inafungwa leo saa sita. Wakili akakohoa, akafungua karatasi, akashika kikombe vizuri ili asivunje sheria.

— "Sisi wazee na wazalendo wa benchi la Majengo, tukiwa na akili timamu na baada ya kahawa, tunapinga vikali kikundi kinachojiita Pembe na Moshi, kwa kosa la kuongezea wimbo wa taifa maneno yasiyojulikana. Tunaomba kiondolewe kwenye sherehe. Pili, tunaomba wahusika waitwe mbele ya baraza, wavuliwe pembe hadharani, na majina yao pamoja na ya wazazi wao yasomwe kwa sauti."

— Hapo kwa wazazi umeandika vizuri, akasema Sajenti. Hawa watoto wako na wazazi. Mtu hawezi toka kwa jeneza na mzazi asijue!

Jumaa alijikata kidole. Hakikuwa kidonda kikubwa, lakini alikifunga kwa kitambaa taratibu sana, ili apate sababu ya kutoinua uso.

— Nimeweka sahihi, akaendelea Wakili. Sajenti ameweka. Antena ameweka, ingawa ni mchoro. Nurudin amekataa.

— Mimi ni mtu wa biashara, akasema Nurudin. Wote hunywa kahawa, wazalendo na wasaliti.

— Imebaki mwenyekiti na muhuri, akasema Wakili. Barua bila muhuri chifu atafungia njugu. Baba Shamima! Leta muhuri wa bucha.

Jumaa akatoka na muhuri mkononi, akaketi benchini. Ni muhuri mdogo wa mpira wenye jina la bucha na picha ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe, ukimtazama vizuri, ana pembe. Aliiweka barua juu ya goti lake. Alisoma ule mstari wa wazazi mara mbili. Kwa mawazo alimwona Shamima amesimama mbele ya watu wa Majengo wote, kinyago kikivuliwa, na watu wakigeuka kumtafuta baba. Alijua pia kwamba akikataa, Sajenti atauliza kwa nini, na Sajenti akishauliza kitu haachi mpaka kipatikane.

— Mbona unangoja, mucore, rafiki yangu? akasema Sajenti. Wino umekauka?

Jumaa hakuwa na kikombe, kwa hiyo hakujibu. Kwa mara ya kwanza alimshukuru Nurudin kwa ile sheria yake.

Hapo ndipo Mbogo alipofika. Mbogo ni mfugaji kutoka nchi kavu ya chini ya Embu, mtu mrefu mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, ambaye kila baada ya wiki mbili humletea Jumaa mbuzi. Alikuja na watatu wamefungwa kamba moja, akawafunga kwenye nguzo ya dirisha, akasalimia benchi zima kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, akaketi upande wa jiwe.

Kwa ishara ya kidevu Jumaa akamwelekeza Nurudin ampe mgeni kahawa.

Mbogo akapewa kikombe, na mara akapewa pia kesi yote. Sajenti alieleza uhaini. Antena alieleza mlima, miraa na moshi, na kwa vile kulikuwa na mtu mpya akaongeza kwamba nyaya za magitaa zilikuwa zinapima ardhi kwa siri. Wakili alieleza namna nchi inavyoongezeka kwa ubeti. Walizungumza kwa zamu na bila zamu. Mbogo alikunywa kahawa yake akisikiliza, akivuta kamba kila mbuzi mmoja alipojaribu kula mguu wa suruali ya Wakili. Mtu anayeishi na mifugo huhesabu kila kitu anachoambiwa, na Mbogo alikuwa akihesabu.

— Mimi ni mtu wa mbuzi, akasema mwishoni. Bendi sijui. Nataka tu nielewe. Hawa watoto wameimba ubeti moja ile tunajua.

— Moja, akasema Sajenti.

— Halafu wakaongeza ingine.

— Mbili! Wakaongeza mbili!

— Sawa. Na ule wimbo wenyewe, ule wa serikali, uko na beti ngapi?

— Tatu, akasema Wakili haraka. Hiyo inajulikana hata na mtoto.

Mbogo akatazama vidole vyake.

— Moja na mbili, akasema polepole, si ni tatu?

Antena akahesabu naye kwa vidole vyake.

— Hapana, akasema Sajenti. Hizo mbili ni za uongo. Zile mbili za ukweli ni zingine.

— Sawa, mzee wangu, mimi sibishi. Nauliza tu. Hiyo ya tatu, ile ya ukweli, inasemaje?

Sajenti alicheka kidogo. Aliweka kikombe chini, akavaa kofia yake, akasimama wima, mikono ubavuni, akaanza mwanzo kabisa ili apate mwendo. Ubeti wa kwanza aliuimba vizuri mno, kwa sauti nzito ya geti. Muuza ndizi aliyekuwa akipita kuelekea soko la Gakoromone akasimama na mkokoteni wake. Ubeti ukaisha. Na ulipoisha, mwili wa Sajenti, ambao kwa miaka thelathini na nne ulikuwa umezoea, ukakaa wenyewe.

— Umekaa, akasema Nurudin.

— Najua nimekaa!

Akainuka tena. Ubeti wa pili alianza neno moja, la pili akaliweka kwa kubahatisha, kisha akaendelea kwa mm-mm-mm, mguu ukipiga hatua palepale. Kufikia wa tatu, hata ile mm-mm haikujua pa kwenda.

— Wakili, nisaidie, iko hapa kwa ulimi.

— Imeandikwa, akasema Wakili.

— Imeandikwa inasemaje?

— Mimi nimekwambia imeandikwa. Kusoma ni kitu ingine.

— Antena! Angalia kwa simu.

— Bando imeisha.

— Si umeonyesha vidio tangu asubuhi?

— Hiyo nimehifadhi. Na huko ndani kuna hizo mbili za uongo tu.

Sajenti aligeuka akatazama barabara yote, msikiti, duka la mitumba, muuza ndizi na mkokoteni wake. Muuza ndizi akainamisha macho akaanza kupanga ndizi zake upya. Sajenti akavua kofia. Alionekana mzee ghafla, na Jumaa, pamoja na barua ile gotini, akamhurumia kwa moyo wote.

— Kahawa imebaki kikombe moja, akatangaza Nurudin, akitikisa birika. Baada ya hapo kila mtu anyamaze aende kwake.

Sajenti akanyoosha mkono. Lakini mkono wa Jumaa, ule wenye kitambaa kidoleni, ulifika kwanza.

— Nipe mimi, akasema Jumaa.

— Na tumbo?

— Limetulia.

Alikinywa chote kwa mara moja, kikiwa moto, huku akiwa ameketi. Kisha akaweka muhuri na barua kwenye benchi, akainuka, akafunga vifungo vya koti lake jeupe lenye damu ya asubuhi, vyote mpaka cha shingoni. Hakuwa amewahi kuimba mbele ya watu tangu harusi yake. Sauti yake ilikuwa ndogo na ya kukwaruza, lakini maneno yalitoka yote, moja baada ya jingine, ubeti wa tatu kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, bila mm-mm hata moja. Aliyajua kwa sababu Shamima aliyarudia wiki tatu mfululizo akifua nguo uani, upande wa pili wa ukuta wa chumba chake. Jumaa alidhani mtoto anajiandaa kwa usaili wa kazi ya serikali. Alikuwa akilala kidogo baada ya swala, na maneno yakaingia usingizini bila kubisha hodi.

Alipokuwa kwenye mstari wa pili, Sajenti alikuwa amesharudisha kofia kichwani na kusimama wima. Kwenye mstari wa tatu Wakili naye alisimama, na benchi, likiwa limebaki na Antena na mgeni peke yao upande wa jiwe, likainama. Nao wakasimama.

Jumaa akamaliza. Muuza ndizi alisubiri kidogo kuhakikisha kwamba safari hii umeisha kweli, ndipo akasukuma mkokoteni.

— Hayo maneno, akasema Sajenti polepole. Hayo ni ya hao watoto. Ya vidio.

— Ndiyo ya vidio, akasema Jumaa. Na ndiyo ya serikali.

— Kwa hivyo hawakuongeza.

— Hawakuongeza. Sisi ndio tulikuwa tunakaa mapema.

Wakili alichukua barua kutoka kwenye benchi. Aliitazama, akatoa kalamu nyekundu, akairudisha mfukoni, akaikunja barua mara nne na kumpa Nurudin. Nurudin akaipangusia mdomo wa birika.

— Lakini Baba Shamima, Sajenti akaendelea, maana akishauliza haachi. Wewe umeyajulia wapi? Miaka yote hii sijawahi kukusikia.

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwa Jumaa, kitupu. Angeweza kusema shuleni. Angeweza kusema redio, na wangeamini, na mambo yangeishia pale. Badala yake alitia mkono mfukoni akatoa simu yake, ile ya vitufe, ambayo sauti yake husikika mpaka upande wa pili wa barabara. Akabonyeza, akangoja.

— Shamima.

— Naam, baba.

— Uko wapi?

— Niko uani, nafua.

— Zile pembe zako, akasema Jumaa, ile ya kushoto ina ufa. Mimi ndiye niliipasua na shoka. Sikujua utaivaa.

Antena alishusha simu yake mwenyewe taratibu mpaka ikalala kwenye paja. Upande ule mwingine maji ya bomba yalikuwa yakitiririka, kisha yakafungwa.

— Baba... nilikuwa nataka kukuambia.

— Ulikuwa unataka, lakini uliniambia vifungo.

— Nisamehe.

— Nimekasirika, Shamima. Nimekasirika siku nne, na bado. Tutaongea na mama yako akiwepo, akasema Jumaa, akageuka akautazama ukuta wa bucha. Lakini nimekusikia ukiimba. Nimekusikia kwa ukuta na nimekuona kwa simu, uliokota bendera. Sijawahi kuona kitu kama hiyo. Nilitaka kuambia watu huyo ni wangu, nikaogopa.

Kwenye simu alisikika mtu akipenga kamasi.

— Hapa kuna jozi ya pembe za fahali wa Ijumaa, Jumaa akaendelea, sasa kwa sauti yake ya bucha. Nzima, pande zote mbili ziko sawa. Kuna mtu wa Nanyuki alikuja kuzitaka nikamwambia ziko na mwenyewe. Kuja uchukue kabla ya Mashujaa.

— Ndiyo, baba. Asante, baba.

— Na sufuria ya pilau usiguse tena. Mama yako bado anafikiria ni mimi.

Akakata simu. Alimrudishia Nurudin kikombe, akafungua kamba ya mbuzi kwenye nguzo, akamwambia Mbogo amfuate upande wa nyuma. Wakili na Antena walikaa. Sajenti alibaki amesimama wima, mikono ubavuni, kofia imenyooka, kwa sababu safari hii hakutaka kukosea tena mahali pa kukaa.